Ng'ombe Ishirini kwa Gari Moja

Jumatatu, 2 Desemba 1974. Wanyange, Jinja.

Nimekata shauri. Joash ataoa kwa gari.

Ujumbe wa Mafabi wa Nakaloke umefika asubuhi kwa mdomo wa dereva wa lori la samaki. Mwanangu amemchumbia binti yake, Namono, tangu Pasaka, na wazee wa huko wamechoka kungoja. Jumamosi ya tarehe kumi na nne nifike mwenyewe, baba wa kijana, nitamke mahari mbele yao: ng'ombe sita, na wa saba wa bibi yake Namono. Nisipofika, yupo karani wa kahawa wa Sironko ambaye ng'ombe wake wamekwisha kufungwa kamba, tayari kwa safari.

Joash hakula mchana. Kijana wa miaka ishirini na sita, fundi mitambo katika kiwanda cha nguo, ameketi akiitazama sahani kama mtoto aliyekaripiwa. Namono anafundisha darasa la kwanza na huimba anapotembea. Nilimsikia mara moja tu. Inatosha kumwelewa mwanangu.

Ng'ombe sina. Sijapata kuwa na ng'ombe maishani. Lakini nina gari la mbio.

Aliniachia Bwana Ramniklal, mhandisi niliyekuwa karani wake miaka mingi, mwaka ule alipofukuzwa nchini pamoja na Wahindi wenzake. Magari yake mengine yalichukuliwa kabla hajafika stesheni. Hili lilisalia katika banda la sukari guru kwa sababu hakuna aliyefikiri kutafuta gari humo. Jekundu, la Kiitaliano, viti viwili, limelala chini kama paka anayemnyemelea ndege. Aliniambia haya: gari la kawaida hushuka thamani siku linapotoka dukani, lakini ya namna hii yalitengenezwa sitini tu duniani kote, na kitu kilicho kichache hupanda. Kinachotakiwa ni subira.

Nimesubiri miaka miwili. Kwa hesabu yangu lilikuwa na thamani ya ng'ombe kumi na wawili. Likipanda polepole, kwa adabu, leo ni ishirini. Nitatoa saba. Mafabi atanirudishia chenji ya ng'ombe kumi na watatu.

Nimemweleza mke wangu, Wilkista. Alikuwa akigeuza ngege juu ya moshi. Kila baada ya wiki mbili huwapeleka samaki hao katika soko la Nakaloke, na Joash alimfahamu Namono kwa kumbebea mama yake vikapu. Aliuliza jambo moja tu, kama kweli nitakwenda mwenyewe. Nikamjibu kwamba baba wa kijana ni mimi. Alitabasamu.

Wanawake hufurahishwa na mambo madogo.

Jumanne, 3 Desemba

Nimelifunua gari. Kazi ya asubuhi nzima. Makapi ya miwa, magunia, utando wa buibui. Kuku walikuwa wamelikalia na kuligawana kwa haki: wakubwa kiti cha dereva, vifaranga kiti cha abiria. Ngozi ya viti imeathirika. Nimepunguza ng'ombe mmoja. Kumi na tisa.

Jamil Wamboga amekuja bila kuitwa. Ni jirani, mwuza vitambaa, mwenye pikapu ambayo mlango wake umefungwa kwa waya. Alilizunguka gari langu akiwa ameweka mikono nyuma, kama afisa wa afya.

“Mzee Wasike,” alisema, “gari ni mkate. Unatoka tanurini moto, watu wanaugombania. Kesho umepoa. Keshokutwa ni wa kuku.” Akamtazama jogoo aliyekuwa juu ya usukani. “Naona wako wamewahi zamu.”

Nilimweleza kwa upole kwamba mkate huokwa kila siku, ilhali huu uliokwa mara sitini na tanuri likafungwa. Akauliza kama mkate hauoti ukungu kwa sababu tanuri limefungwa. Mtu anayefunga mlango kwa waya hana la kusema juu ya thamani.

Alipokuwa akiondoka aliomba auziwe ngozi ya viti ashone makubazi. Nimemkataza kurudi kabla ya Krismasi.

Alhamisi, 5 Desemba

Niliona ni busara kulibadilisha gari kwa ng'ombe hapa hapa Jinja, nisisumbuke na safari. Nimewaalika wateja wawili.

Wa kwanza, mwuguzi mstaafu mwenye zizi kubwa upande wa Kamuli. Aliuliza mkewe atakaa wapi. Nikamwonyesha. Watoto je? Nikamwambia kwamba gari hili ni la watu wawili. Na mbuzi? Nikarudia. Alifikiri sana, kisha akauliza ni watu wawili gani hao wanaosafiri bila watoto, bila mbuzi na bila gunia, na kama polisi wanawatafuta.

Wa pili, mwalimu mkuu. Mtu makini. Aliuliza habari za vipuri. Nilimjibu kwa fahari kwamba kutoka hapa hadi Nairobi hakipatikani hata kimoja, maana hilo ndilo thibitisho la uadimu wake. Alinishukuru akaondoka kwa mwendo wa haraka kuliko heshima inavyoruhusu.

Kisha jambo jingine. Land Rover ya jeshi ilisimama barabarani, akashuka askari mmoja, akaja moja kwa moja bandani.

“Mzee, hii kitu iko nini?”

Nikajibu: banda la kuku, afande. Sijui jibu hilo lilitoka wapi. Wakati uleule kuku alitokea dirishani akaanza kutangaza kwamba ametaga. Askari alicheka hadi akashika mbavu. Nikampa mayai yote yaliyokuwa kitini, akaenda zake.

Hapa Wanyange mwaka huu watu wawili wamepoteza magari kwa sababu yaling'aa. Mmoja wao hatukumwona tena yeye mwenyewe.

Nimeandika kumi na saba. Mteja anapokataa, bei hujeruhiwa kidogo.

Ijumaa, 6 Desemba

Tatizo gumu. Gari likiwa safi, litachukuliwa njiani. Likiwa chafu, Mafabi atalidharau. Nimewaza mpaka kichwa kikauma.

Wilkista alipita na ndoo ya udongo wa kukandikia jiko. Akaniambia, “Baba Joash, lipake. Ukifika utaliosha.” Akarudi kwenye moshi wake.

Wazo hilo nilikuwa nalo tayari, ila sikuwa nimelitamka. Nimelipaka udongo kuanzia pua hadi mkia, na mavi ya ng'ombe wa jirani juu yake ili usipasuke. Thamani ya nje imeshuka hadi ng'ombe wanne. Thamani ya ndani imebaki kumi na saba. Bwana Ramniklal hakunifundisha hesabu ya namna hii, nimeigundua mwenyewe.

Injini imewaka. Inanguruma kama chui mwenye mafua. Joash alisikiliza, akalala chini yake, akakaza hiki na kile, akasema, “Baba, litafika Iganga.” Nikamwambia tunakwenda Nakaloke. Akasema anajua.

Jumatatu, 9 Desemba. Iganga.

Tumeondoka alfajiri. Joash atafuata kwa basi siku ya Ijumaa akipata ruhusa kazini. Nilikusudia kwenda peke yangu, lakini Wilkista alitoka na kapu lake la ngege, amevaa gauni la kanisani, akaingia na kufunga mlango. Alisema soko la Nakaloke ni siku hizo hizo.

Nilimkumbusha kwamba harufu ya samaki huingia katika ngozi na haitoki. Alisema anajua, imemwingia yeye tangu mwaka wa arobaini na tisa na bado nimemweka.

Niandike jambo hili kwa sababu shajara haina mwingine wa kuisoma. Miaka yote hii Wilkista amesafiri juu ya malori, nyuma, kati ya vikapu, na mimi nimesafiri mbele na madereva au sikusafiri kabisa. Leo ni mara ya kwanza tumekaa bega kwa bega. Gari liko chini mno, hata nyasi za kando ya njia zilitupita usawa wa macho. Watoto walitukimbilia kutoka mashambani. Wilkista aliwapungia mkono, wote, hakumwacha hata mmoja. Tulipopita mashamba ya miwa aliimba wimbo wa akina mama wa kanisa, na mimi nikaimba sauti ya chini.

Kisha shimo la kwanza. Kuna kitu kimebaki humo.

Joash alisema kweli. Tumefika Iganga. Tumelala kwa mchungaji wa kanisa letu. Kumi na nne.

Jumanne, 10 Desemba. Bugiri.

Kilichobaki shimoni kilikuwa bomba la moshi. Sasa tunasikika kabla ya kuonekana. Wanawake sokoni walijitupa chini tulipopita. Wenzetu wa zama hizi hawachelewi kuelewa mlio wa ghafla. Nilisimama kuwaomba radhi mmoja mmoja. Wilkista aliwauzia samaki.

Mbele ya mji, kizuizi cha askari. Nilikwisha kuandaa maneno kuhusu banda la kuku, lakini banda halitembei.

Afande mwenyewe alikuwa mtu mrefu mno, nadhani wa kaskazini, mwenye miwani ya jua. Alikwangua udongo kwa ukucha. Chini yake, wekundu. Akasema, “Mzee, toka. Mimi nataka jaribu.”

Tulitoka. Wilkista alinishika kiwiko. Afande akaingiza mguu mmoja. Akaingiza kichwa. Mguu wa pili ukakataa. Akatoka, akaingia kinyumenyume, goti likampiga kidevuni, miwani ikaanguka. Akajaribu kuuacha mlango wazi na mguu nje. Wenzake walitazama angani kwa bidii kubwa. Mmoja alianza kukohoa na hakuweza kuacha. Mwishowe walimvuta kwa mikono.

Alisimama akajikung'uta. Nilisema sala fupi.

“Mzee,” alisema, “hii si gari. Hii ni kiatu. Vaa, potea.”

Kabla hatujapotea alichungulia kapuni akachukua ngege wawili wakubwa. Gari alilikataa, samaki akawachukua. Wilkista alingoja hadi tulipokiacha kizuizi mbali nyuma yetu, kisha akaanza kucheka, nami nikaanza, tukasimama kando ya njia hadi tulipomaliza. Aliweka mkono wake juu ya wangu usukani.

Kisa hiki hakiathiri thamani. Afande hakuwa mteja halali. Lakini nimeandika kumi na mbili, kwa ajili ya mlango, ambao sasa haufungiki.

Alhamisi, 12 Desemba. Tororo hadi Mbale.

Jana gari lilizima karibu na ule mwamba wa Tororo. Halikufa kwa kelele. Lilishusha pumzi tu, kama mzee anayeketi.

Fundi wa Tororo ni mtu mwaminifu. Alichungulia, akafunga, akafungua tena, akasema kwamba hajapata kuona kitu kama hiki. Nikamwambia, ndiyo, yako sitini tu. Akasema basi mafundi wake pia watakuwa wachache. Hakuna kipuri cha gari lolote alilojua kilichoingia humo. Alijaribu kipande cha pikipiki na kipande cha mashine ya kusaga. Gari lilitoa harufu ya unga.

Hapo nilianza kuogopa. Siku mbili zimebaki. Nilimwona yule karani wa kahawa wazi mbele yangu, ingawa sijapata kumwona, na ng'ombe wake wakitembea kwa mstari. Nilimwambia Wilkista kwamba nimemwangusha mtoto. Alinijibu kwamba hatujafika bado, na mtu hahesabiwi njiani.

Mchana pikapu moja ilisimama. Mlango umefungwa kwa waya. Jamil, na marobota yake ya vitambaa, akienda Mbale.

Nilingoja neno la mkate. Hakulisema. Alitoa kamba, akafunga gari langu nyuma ya lake, akamwomba Wilkista akae mbele kwake, naye akakataa, akasema atakaa na Baba Joash. Tumevutwa polepole kutoka Tororo kuelekea Mbale, mlima Masaba ukizidi kukua upande wa kulia. Vijana wa tohara, wenye njuga mapajani na unga usoni, walitupisha njiani, kisha wakatuzunguka wakicheza. Walidhani gari linavutwa kwa ajili ya sherehe. Wilkista akawatupia senti alizoweka kwa nauli ya samaki.

Jamil alivumilia hadi taa za Mbale. Hapo alitoa kichwa dirishani akapaza sauti, “Mzee Wasike, nimefikiri. Mkate mkavu nao una wakati wake. Unachovywa kwenye chai.”

Ni mtu mwema. Namruhusu kuja kabla ya Krismasi. Nane.

Ijumaa, 13 Desemba. Nkoma, Mbale.

Tumefikia kwa dada yake Jamil. Joash amewasili kwa basi la jioni. Alilikuta gari uani, mimi nikiliosha. Udongo ulitoka na rangi.

Nilikuwa nimetayarisha maelezo marefu. Hakuyaomba. Alivua shati, akachukua kitambaa, akaanza kuosha upande wa pili. Baada ya muda alisema, “Baba, wakikataa kesho, mimi sitakulaumu. Umetoka nalo Jinja mpaka hapa kwa ajili yangu.”

Nilimwambia asiache maji yaingie kwenye taa.

Lililobaki ni saba, na nimehesabu kwa ukarimu. Saba ndiyo mahari yenyewe. Hapana chenji, lakini inatosha. Lisishuke tena kabla ya kesho mchana, hilo tu naomba.

Jumamosi, 14 Desemba. Nakaloke.

Niandike kwa utaratibu, ingawa kichwa changu hakina utaratibu.

Kamba ya Jamil ilikatika tulipoingia njia ya kwa Mafabi. Watu wa nyumbani walituona, wakaleta maksai wawili wa kulimia. Hivyo nimeingia kwa wakwe zangu, nimevaa koti na tai, nimeshika usukani wa gari la mbio linalovutwa na maksai. Mlango ulikuwa unapiga kama bawa.

Wazee walikuwa wamekaa kwenye viti vyao. Mafabi ni mtu mrefu, mtaratibu, anayevua kofia anapofikiri. Nilisimama nikatoa hotuba. Sitini duniani. Kupanda kwa thamani. Subira. Walisikiliza kwa adabu kubwa, kisha wakainuka kukagua, kama wanavyokagua ng'ombe, maana hawana namna nyingine. Mmoja alipapasa mbavu zake. Mmoja alifungua mbele, akatazama, akafunga taratibu, akaninong'oneza sikioni asiniaibishe: “Mkwe, injini wamekwisha kuiba.” Nikamweleza kwamba iko nyuma. Akauliza kama na macho yako huko.

Mwingine aliuliza linazaa baada ya miezi mingapi. Nikasema halizai. Linatoa nini? Mwendo. Wote wakawatazama maksai.

Namono alikuwa mlangoni kwa mama yake, amefunika mdomo kwa kitenge, sikujua analia au anacheka. Joash alitazama chini. Nilikuwa na maneno zaidi, kuhusu soko la Ulaya, lakini yalinitoka kichwani yote. Nikasema jambo ambalo sikulipanga. Nilisema kwamba mimi ni mtu wa miaka sitini na mmoja na sijapata kuwa na ng'ombe. Kila nilichoshika kilishuka mkononi mwangu. Hiki ndicho kitu kizuri kuliko vyote nilivyo navyo, nami nimekileta, kwa sababu mwanangu hali chakula.

Mafabi akavua kofia.

“Mkwe,” alisema, “mbona ng'ombe wenu wako hapa?”

Sikuelewa. Akanishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba. Zizini, ng'ombe. Akanionyesha mmoja baada ya mwingine: huyu, na huyu, na yule mwenye baka, na hawa. Saba. Zamani, Joash akiwa bado mwanafunzi, Wilkista alipewa mtamba mmoja kwa vikapu vya samaki alivyoleta mwaka wa njaa. Akamwacha katika zizi la Mafabi, kama desturi ya huku inavyoruhusu: mwenye zizi hunywa maziwa na kuchukua ndama mmoja mmoja kwa zamu, waliobaki ni wa mwenye mtamba. Mtamba akazaa. Watoto wake wakazaa. Mahari ya Namono ilikuwa imesimama mlangoni kwa baba yake kabla Namono hajajua kusuka nywele.

Nikauliza kwa nini basi waliniita kwa haraka hivi. Mafabi akanieleza kama mtu anavyomweleza mtoto wake. Ng'ombe ni wa mama, lakini mahari hutamkwa na baba. Mama akileta bila baba, watu watasema kijana hana kwao. Walitaka kunipa siku, kwa sababu Wilkista aliwaambia kwamba bila siku mimi sitafika popote. Karani wa kahawa yupo kweli, lakini Namono alikwisha kumkataa mara tatu. “Tulingoja mdomo wako tu, mkwe.”

Nilimtazama Wilkista. Alikuwa anatazama mikono yake.

Nikarudi mbele ya wazee, nikatamka. Ng'ombe sita. Nikakohoa, watu wakadhani ni vumbi. Akina mama wakapiga vigelegele. Joash hakuinua kichwa kwa muda, kisha akakiinua.

Akabaki ng'ombe wa bibi. Mama yake Mafabi, Kukhu Khainza, yaani Bibi Khainza kwa lugha ya huku, ni mzee sana, na nyonga zake ni mbaya. Kiti kirefu hawezi kukipanda, na kigoda kinamwumiza. Wakati sisi tukiwa zizini wajukuu walikuwa wamemketisha ndani ya gari. Kiti kiko chini kabisa: alijishusha mara moja tu, akafika. Alikuwa amefumba macho, mikono juu ya usukani, miguu imenyooka. Tulipomwambia achague ng'ombe wake hakufumbua macho.

“Ng'ombe nitamkamua kwa mikono ipi? Niachieni hiki.”

Mafabi akamweleza kwamba haliendi. Akasema, “Vizuri. Na mimi siendi.”

Namono akamletea chai humo ndani. Jamil, aliyekuwa ameketi na wazee kama mtu wa nyumbani, alinitazama, akachovya mkate wake kikombeni polepole, akala.

Bei ya mwisho: ng'ombe mmoja.

Jumapili, 15 Desemba. Katika basi.

Wilkista yuko dirishani. Nimemwuliza kwa nini hakuniambia miaka yote.

Alisema, “Ningekuambia, leo tungekuwa na mashine ya sinema.” Mashine ya sinema tulikuwa nayo, mwaka wa sitini na sita. Ilichukua mbuzi wake wanne. Kabla yake ilikuwa mashine ya kutotolea mayai. Hakuvitaja kwa ubaya. Alivitaja kama mtu anavyotaja majina ya watoto wa jirani.

Nikauliza, basi kwa nini aliniacha nihangaike na gari njia nzima. Alifikiri. Alisema hakutaka niingie kwa wakwe mikono mitupu. Tena, alisema, hajapata kukaa mbele.

Nilitazama upande wa pili. Mabasi haya yana vumbi.

Baada ya Bugiri alisema jambo jingine. Kwa kuwa Kukhu amechukua gari, ng'ombe wa saba amesalia. Ni mtamba, yule mwenye baka. Ameamua awe wangu. Amekwisha kumwambia Mafabi. “Uwe na ng'ombe, Baba Joash. Mwanamume asizeeke bila ng'ombe.”

Nimeapa moyoni kwamba huyo hataguswa.

Jumatano, 18 Desemba. Wanyange.

Upepo mzuri leo kutoka ziwani. Nimetembea hadi gati la zamani la klabu ya mashua kuzungumza na mlinzi, mtu mwenye habari nyingi. Chini ya turubai ana mashua ya mbio, mbao nyekundu zilizosuguliwa kama kioo, ya Mwingereza aliyehama. Zilitengenezwa saba tu. Saba, si sitini. Hesabu ni rahisi kwa mtu aliyesoma.

Injini haimo. Lakini injini ni kitu cha kawaida, zimejaa duniani. Mwili ndio adimu. Wilkista atasafirisha samaki wake akiwa ameketi mbele, bila lori, bila kizuizi, upepo ukimpuliza. Nimekwisha kuchagua mahali pa mto wake wa kukalia.

Nimelifikiri sana suala la gari, na sasa naliona kosa langu waziwazi. Lilikuwa moja tu. Barabara. Ziwani hakuna mashimo.

Mlinzi ana ndugu karibu na Mbale atakayemfuata mtamba keshokutwa. Tumepeana mikono.

Wakati wa chai Wilkista ameniuliza kama nimekwisha kumpatia jina. Ng'ombe wa kwanza wa mtu, amesema, lazima awe na jina. Nimemjibu kwamba jambo hilo halitaki haraka.